Mteremshe Kwanza

Mke wangu aliitwa Mama Meno. Hilo si jina lake. Jina lake silitaji. Kwetu marehemu akiitwa kwa jina hugeuka nyuma kutazama ni nani, na akigeuka hupotea njia. Lama, kasisi wetu, husoma siku arobaini na tisa ili kumfikisha anakokwenda. Siku hizo zote jina unalimeza, kama mtu aliyemeza mfupa.

Alikuwa mpanda milima. Alikuwa pia akitibu watu, bure, katika vijiji ambavyo mtoza kodi hajawahi kuvifikia. Mimi ni mchunga yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Sikusoma. Yeye naye hakusoma, ila alijifunza. Nitaeleza alivyoishi, kisha nitaeleza nilichofanya mimi.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye njia ya kwenda kambi ya chini ya mlima mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amebeba mzigo wa wageni kwa mkanda wa kipaji cha uso. Yaki wangu alikuwa amelala katikati ya njia, na wapagazi wote wamekwama nyuma.

"Kaka, mwinue huyo mnyama wako."

"Hataki. Mkaidi tu."

"Basi ni ndugu yako. Ila yeye ana akili, amelala. Wewe umesimama kama kigingi."

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaangusha sufuria. Mwaka uliofuata nikapeleka pombe ya shayiri kwa baba yake. Mzee aliinusa, akanitazama, akainywa. Kwetu mzee akinywa, binti ameposwa.

Alipanda. Wanawake wa bonde letu walikuwa wanapika kambini. Yeye alivaa viatu vya meno ya chuma akabeba mitungi ya hewa hadi kambi ya nne. Kilele kikubwa alikifikia mara mbili. Nilipomuuliza kukoje kule juu, alisema, "Baridi, na hakuna mtu wa kuongea naye." Hakuwahi kuongeza neno.

Kilichomgeuza hakikutokea kileleni. Kilitokea jikoni, kambi ya chini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mpagazi mmoja Mtamang, mtu wa mabonde ya chini, alianza kukohoa. Wenzake wakasema mvivu. Wakampa pombe kali, wakamweka karibu na moto, wakamfunika mablanketi. Asubuhi alikuwa amekufa, na povu la rangi ya waridi mdomoni.

Kambini kulikuwa na daktari mgeni, mwanamke mkavu, mrefu. Mke wangu alimwendea akamuuliza yule mtu kafa kwa nini. Daktari akamwambia: maji ndani ya mapafu. Mtu akipanda haraka, hewa ikiwa nyembamba, mapafu hujaa maji, anazama akiwa nchi kavu. Dawa yake ni kushuka.

"Kushuka tu?"

"Kushuka tu. Mapema."

Mke wangu alirudi hemani kwetu, akakaa hivi, mikono magotini. Akasema, "Walimweka motoni. Wangembeba mpaka darajani kule chini, angekuwa anakula viazi sasa hivi."

Misimu sita alifanya kazi kwenye hema la yule daktari. Asubuhi anabeba mizigo, jioni anashika taa na kutazama. Hakulipwa. Alijifunza kushona jeraha, kung'oa jino, kugeuza mtoto tumboni, kuchoma sindano. Alijifunza kuweka sikio mgongoni na kusikiliza. Alinifundisha na mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na sina kazi. "Ukisikia kama mtu anakanyaga theluji kavu huko ndani," alisema, "hayo ndiyo maji. Na kama anahema akiwa amekaa tu, usiulize maswali. Mteremshe kwanza, omba baadaye."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Lama alikuwa akimtania: "Mama Meno, wewe kwako miungu inasubiri zamu?" Naye anajibu, "Miungu ina mapafu mazuri, mheshimiwa. Itasubiri."

Alipata sanduku la bati la buluu, lililokuwa la majiko ya gesi. Akalijaza dawa. Kila mwaka wageni wakishashuka, wenzake wakienda kupumzika na fedha zao, yeye alivuka pasi, kipenyo kati ya vilele, kwenda bonde la nyuma. Huko hakuna daktari, hakuna barabara, na pasi yenyewe ni barafu. Wauguzi wa serikali walikuwa hawaivuki, na siwalaumu. Inataka kamba na viatu vya chuma na mtu asiyeogopa. Ujuzi wote alioupata kwa kupandisha wageni, aliutumia kupitisha sanduku lile.

Nilikwenda naye mara nyingi. Mwaka mmoja theluji ilichelewa kuyeyuka, na tukasikia kuna mwanamke kule amejifungua na damu haikomi. Akanifunga kiunoni kwa kamba, akatangulia.

"Ukianguka, mume wangu, nakata kamba."

"Na sanduku?"

"Sanduku nimejifunga mimi."

Tulifika. Yule mwanamke aliishi. Mtoto wake sasa ana masharubu.

Aling'oa meno kule mpaka watu wakaanza kumsubiri mwaka mzima na mashavu yamevimba. Hapa kijijini pia. Jirani yetu Dali, anayeuza pombe, mwanamke mwenye mabega kama mlango, alikuja siku moja analia.

"Fungua kinywa, Dali."

"Naogopa, dada."

"Unaogopa nini? Ukiwauzia watu maji ukayaita pombe kinywa hakifungi, leo kinagoma?"

Dali alicheka, na alipocheka jino likatoka. Akaleta mtungi wa pombe kama shukrani. Mke wangu akaionja akasema, "Naona mto haujakauka."

Hatukujaliwa mtoto. Tulimlea Gelu, mtoto wa mdogo wake aliyefariki. Alipokua akaenda Qatar kujenga. Miaka minne.

Sasa kuna jambo moja lazima niliseme, kwa sababu kila kitu kimetoka hapo. Sisi watu wa juu tunajua kwamba ugonjwa ule wa maji kifuani si wetu. Ni wa wageni na wa watu wa mabonde. Sisi tumezaliwa huku, babu zetu wamezaliwa huku, tunakimbia pale mgeni anapotambaa. Watoto wanaimba hivyo wakicheza. Mke wangu naye aliamini. Wote aliowateremsha maishani mwake, na walikuwa wengi, walikuwa wageni, Watamang, Warai, askari wa tambarare. Mtu wetu hata mmoja hakumwona. Kwa hiyo aliamini.

Kisha nikaanguka nikavunja nyonga. Ilibidi nipelekwe Kathmandu nikawekewe chuma. Chuma cha kwanza kilikataa, wakaweka cha pili. Tukakaa huko majira mawili ya baridi, chumba kimoja, juu ya duka la matairi. Alinipikia, alinikanda mguu. Alisema hewa ya huko ni nzito kama supu. Hakupanda hata kilima.

Mwezi wa tatu ikaja simu. Mwanamke wa kitongoji cha juu, juu zaidi ya kijiji chetu, alikuwa na uchungu siku mbili na mtoto amekaa vibaya. Mke wangu alipata nafasi kwenye ndege ndogo. Mimi na nyonga yangu nikaambiwa nifuate kwa ndege ya baadaye, kisha polepole kwa farasi.

"Usikimbie sana," nilimwambia.

"Nani, mimi? Njia ile nimeizaa."

Kutoka uwanja wa ndege hadi kule mgeni tunampa siku saba, apumzike njiani, mwili uzoee. Yeye alikwenda kwa siku moja na nusu. Alimgeuza mtoto, akazaliwa, msichana. Akashuka nyumbani kwetu.

Mimi nilifika siku ya tano. Nilimkuta amekaa karibu na moto, anakohoa. Uso umekuwa mdogo.

"Una nini?"

"Mafua ya Kathmandu. Ile supu."

Tulicheka. Nilimwongezea mavi makavu ya yaki kwenye moto. Nilimpa chai ya chumvi na siagi. Hakutaka kulala chini, alisema akilala anakosa raha, nikamwekea magunia ya viazi mgongoni aegemee. Nilimfunika. Siku mbili. Dali alileta mchuzi. Lama alikuja akasoma kidogo. Sote tulikuwa pale, na sanduku la buluu lilikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake.

Siku ya pili jioni alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Kisha akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

Asubuhi nilikwenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa ameinama mbele. Mdomoni kulikuwa na povu. Rangi ya waridi.

Niliona ile rangi. Nasema kweli, niliiona. Lakini jicho linaweza kuona kitu na kichwa kikakataa kukipokea. Nilisimama na ndoo. Maji yalinimwagikia miguuni na sikuyahisi.

Watu walisema ni mungu wa mlima. Mlima ulio nyuma ya kijiji haupandwi, ni makao ya Bibi Mweupe, na mke wangu aliwahi kuukanyaga miaka mingi nyuma kumshusha mchungaji aliyevunjika mguu. "Bibi Mweupe hasahau," walisema. Nikakubali. Niliona ni heri auawe na mungu.

Tulimchoma moto, kama ilivyo desturi yetu. Lama akaanza kusoma. Nikahesabu siku.

Siku ya arobaini na saba Gelu alifika kutoka Qatar. Mkuu wake wa kazi alikuwa amemcheleweshea ruhusa, hivyo alikuja mbio: ndege, ndege tena, kisha miguu, siku moja na nusu. Alinikumbatia, akalia mpaka akaanza kukohoa.

"Vumbi la Qatar, baba mkubwa," akasema.

Usiku ule alikohoa. Kesho yake akaacha kula. Siku ya arobaini na tisa asubuhi alikuwa amekaa karibu na moto na hakutaka kulala chini.

Siku hiyo ya mwisho kijijini kwetu hufungwa uzi mweupe wa sufu mlangoni. Wote wa nyumba hukaa ndani hadi jua lishuke, lama anasoma, na marehemu anaufuata uzi ule kutoka. Jua likishuka lama anaukata, marehemu amekwenda. Ukikatwa na mtu mwingine kabla ya hapo, marehemu anabaki anazunguka, hajui mlango uko wapi. Ndivyo tulivyolelewa.

Uzi ulifungwa. Majirani walijaa. Lama alianza kusoma, ngoma taratibu. Mimi nilikaa karibu na Gelu na nikawa natazama kucha zake. Zilikuwa za buluu, kama zimepakwa rangi ya lile sanduku.

Dali aliinama akaninong'oneza, "Mzee, ni Bibi Mweupe. Amechukua mkubwa, sasa anataka na mtoto. Mwambie lama amtolee sadaka ya siagi."

Nilimvua Gelu koti mgongoni. Niliweka sikio.

Mtu alikuwa anakanyaga theluji kavu mle ndani. Hatua baada ya hatua.

Nilisikia ngoma, nilisikia theluji, na nilimwona mke wangu amekaa mahali palepale, ameegemea magunia yaleyale. Mgongo wake nilikuwa nimeufunika mablanketi matatu. Sikio langu sikuliweka hata mara moja.

Nilisimama. "Anashuka," nikasema.

Ngoma ikakatika. Lama akauliza, "Nani anashuka?"

"Huyu. Ana maji kifuani."

Mtu mmoja akasema, "Mzee, huyo ni mtu wetu. Watu wetu hawaugui hivyo."

"Amekaa Qatar miaka minne. Qatar iko wapi? Iko chini kabisa, kando ya bahari. Mapafu yake yamekuwa ya huko."

Lama aliweka kitabu chini. Ni mtu mwema, tumekua pamoja. Alisema polepole, "Ndugu yangu, ukikata uzi sasa, sitakuwa na la kukuahidi juu ya mkeo. Subiri jua lishuke. Ni masaa saba tu."

Nilimtazama Gelu. Alikuwa anahema kama aliyekimbia, na alikuwa amekaa tu. Alitaka kusema kitu na hakupata pumzi ya kukisemea.

Masaa saba. Nilijua hana masaa saba. Na nilijua kwamba yule ninayemkatia njia ndiye aliyenifundisha.

"Mheshimiwa," nikasema, "yeye mwenyewe alisema. Mteremshe kwanza."

Nikakata uzi kwa mkono. Sufu haikatiki vizuri. Ilinibidi nivute mara mbili. Nyumba nzima ilipiga kelele moja, kama mtu mmoja aliyechomwa.

Nilichukua sanduku. Nilichukua kile kikapu kilichokatwa ubavu ambacho mke wangu alibebea wagonjwa. Nikajaribu kumkalisha Gelu ndani, na nyonga yangu ikagoma. Nilipiga magoti na sikuweza kuinuka.

"Toka hapo," akasema Dali. Alikuwa amesimama juu yangu, machozi yanamtoka, amekasirika. "Wewe hata beseni la maji linakushinda, unataka kubeba mwanamume? Toka!"

"Dali, uzi umekatwa."

"Nimeona umekatwa, mimi si kipofu! Nishikie kikapu."

Akaweka mkanda kwenye kipaji, akainuka. Tukatoka. Nyuma yetu hakuna aliyefuata, isipokuwa baada ya kona ya kwanza tulisikia mbio: mume wa Dali, mtu ambaye katika maisha yangu sijamsikia akisema maneno kumi. Hakusema siku hiyo pia. Alimpokea mkewe mzigo, akashuka.

Nilimpa Gelu kidonge chekundu, kile ambacho mke wangu aliwapa wote aliowateremsha. Nilikijua kwa rangi. Mimi nilikuja nyuma na fimbo, nikishika ukingo wa kikapu kila njia ilipoinama. Walipokezana, Dali na mumewe, kwenye kila jiwe la kupumzikia. Dali aliongea njia nzima, nadhani kwa hofu.

"Gelu! Usilale! Ulinitumia zawadi gani kutoka Qatar? Hujanitumia. Mtoto mchoyo. Ukifa nitamwambia kila mtu ulikuwa mchoyo. Gelu!"

Gelu hakujibu. Tulipita mashamba ya viazi, tukapita ukuta wa mawe ya sala, tukaingia vichakani. Kichwa chake kilikuwa kinagonga ukingo wa kikapu. Nikakishika kwa mkono.

Miti ilianza. Kwanza mifupi, kisha misonobari mirefu. Nilianza kusikia mto. Na mahali fulani pale kwenye misonobari, kichwa kile kikatoka mkononi mwangu. Kilijiinua chenyewe.

"Sikukusahau," Gelu akasema. "Nimekuletea kitambaa. Kiko... kwenye begi."

Dali alisimama ghafla hivi kwamba mumewe alimgonga. "Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani sikipendi," akasema Dali, na akakaa chini na kikapu chake akalia kwa sauti.

Tulifika darajani. Kuna nyumba moja pale, mwenyewe analima viazi. Tulimkalisha Gelu ukutani, juani. Nilimvua koti nikaweka sikio. Theluji bado ilikuwepo, lakini mtu aliyekuwa anaikanyaga alikuwa amekwenda mbali. Kucha zilikuwa zinaanza kuwa kucha.

"Baba mkubwa," akasema, "hapa hakuna viazi?"

Mwenye nyumba alileta sufuria. Gelu alimenya kimoja kwa vidole, kikamchoma, akapuliza, akala. Nilimtazama anavyokula. Kila kiazi.

Nikamuuliza mume wa Dali ni saa ngapi, maana ana saa mkononi. Akaninyooshea mkono nione. Nilihesabu kwa vidole tangu nilipokata uzi. Nikahesabu tena, kwa kuwa nilidhani nimekosea.

Masaa manne.

Kutoka moto wangu hadi pale ni masaa manne, pamoja na kupumzika, mzee mwenye nyonga ya chuma akiwa nyuma. Mimi nilikuwa na siku mbili. Nilikuwa na kikapu. Nilikuwa na Dali, aliyekuja na mchuzi na mabega yake yale. Vidonge vyekundu vilikuwa hatua mbili. Na yeye alikaa pale, aliyejua kuliko sisi sote, akanitazama jioni ile kama mtu anayetaka kuuliza kitu, na mimi nikaongeza mavi kwenye moto.

"Kula, mzee," Dali akasema, akanisogezea sufuria. "Umekuwa mweupe."

Sikuweza. Nilikwenda hadi katikati ya daraja. Niliangalia juu, kule tulikotoka. Jua lilikuwa bado halijashuka. Uzi umekatwa, na yeye yuko huko anazunguka, anatafuta mlango.

Nikamwita. Kwa jina lake, lile alilopewa na baba yake. Nilipaza sauti mpaka koo likauma, na bonde likalirudisha mara tatu.

Dali alikuja mbio, daraja zima likayumba, akanifumba mdomo kwa kiganja kinachonuka viazi. "Mzee! Umerukwa na akili? Utamgeuza!"

Niliuondoa mkono wake.

"Ageuke, ateremke," nikasema. Nikamwita tena.